TV ya Chogo ya Ma Placida

Mimi Kahigi, fundi wa TV hapa mtaani Ndama, nimeona wateja wabishi, lakini Sperancia ni kiboko. Ana kibanda cha gemu, na gemu anayoipenda ni mbaya, jamani, mbaya kweli: wachezaji wana vichwa kama vipande vya sabuni, vidole vimegandana, uwanja ni kijani kitupu.

"Ndiyo raha yake," huniambia. "Aliyewachora hakuwa na uwezo, lakini wakikimbia unajua ni watu. Hizi mpya zinanichosha, hadi vinyweleo wanakuonyesha!"

Radi ilipounguza TV yake ya chogo, ile ya kizamani yenye mgongo mnene, mumewe Clavery akamletea ya flati. Wachezaji wakatanuka, rangi zikapauka. Sperancia alilia mbele yangu kama amefiwa. Nami nilikasirika, maana kifaa kilichoungua ndani ya ile ya chogo hakiuzwi tena madukani. Nilijua kilipo kimoja tu: ndani ya TV ya mama mkwe wake, Ma Placida, kule kijijini Nyakasimbi. Ilikufa siku nyingi, ikabaki sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ole wako uiguse.

Tulikwenda kwa pikipiki, gemu ikiwa mkobani ili tujaribie kifaa. Sperancia alipiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

Nilipomweleza, aliinuka akaikinga TV kwa mgongo. "Imekufa. Iacheni ipumzike."

"Mama, nakuomba," alisihi Sperancia. "Nikikosa hicho kifaa nafunga kibanda, Mungu ananiona."

Mkwe wa watu hajibiwi hovyo, na huyu alikuwa ameshakunja uso. Mwishowe alisogea pembeni.

Fundi hafungui kitu kabla ya kukijaribu. Nikachomeka waya.

"Usiwashe!" Ma Placida alifoka, lakini nilishabonyeza.

Ikawaka. Chenga tele kwenye kioo, lakini TV nzima kabisa! Nikapandwa na hasira. "Mama, mbona umetudanganya?"

Sperancia alinikanyaga mguu. Mama alikuwa anatazama dirishani, midomo inamcheza. Sperancia akatoa gemu, akaiunganisha, akaiwasha. Sauti ya mashabiki ilimgeuza Mama. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Huyu mwekundu anakimbia," alisema. "Ana mpira."

"Unamwona, Mama?"

"Mtu ana kichwa kama tofali, nitaachaje kumwona?" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Zile picha za habari zilishakuwa ukungu mtupu machoni mwangu. Nikasema TV imekufa, Clavery asije akajua, akanitoa shambani kwangu." Akanyoosha mkono, akapapasa shavu la mkamwana wake. "Hata wewe, mwanangu, tangu uolewe sura yako siijui."

Nilikuwa bado nimeshika bisibisi. Sperancia alijifuta macho, akamwekea Mama pedi ya gemu mkononi.

"Kahigi, rudisha bisibisi yako mfukoni," aliniambia. "Na gemu inabaki hapa."