Biskuti za Meneja

Shangazi yangu ni fundi wa nguo, na wivu wake ukitaka kuupima kwa ule utepe anaouvaa shingoni, utepe utaisha. Simsengenyi. Haya nimeshamwambia usoni, akanijibu kwamba mimi ni mtoto wa mama yangu, kwa hiyo ushahidi wangu haupokelewi.

Mama yangu ndiye wifi yake. Baba alipofariki, wanawake hawa wawili walibaki katika nyumba moja, mlango kwa mlango, na mimi katikati. Shangazi ndiye aliyezaliwa humo, lakini ukimsikiliza yeye, kila kilichokuwa chake kilihamia kwa Mama. Kaka yake wa pekee alihamia. Funguo za kabati zilihamia. Hata Bibi, alipougua, alikataa uji wa binti yake akataka wa mkwewe, na Shangazi akakaa jikoni akaumaliza mwenyewe uji uliokataliwa. "Mama niliyenyonya maziwa yake," husema mpaka leo, "alikufa akimwita mtu mwingine."

Kisha akaja Meneja. Alikuwa paka wa kijivu, sikio moja limechanika, akaingia chumba cha mbele ambako Shangazi ana cherehani yake. Akampita Mama bila hata kumtupia jicho, akaenda kulala juu ya miguu ya Shangazi, palepale kwenye pedali. Siku hiyo hakuna suruali iliyoshonwa, maana fundi alikataa kumwamsha. Baadaye paka alihamia juu ya meza ya kukatia, akawa anakaa hapo kutwa akitazama watu wanavyofanya kazi bila yeye kugusa kitu, na ndipo akapata cheo.

"Huyu hakuletwa na mtu," Shangazi alikuwa akiwaambia wateja, sauti ikielekezwa jikoni. "Kanichagua mimi."

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Mpaka Meneja alipoanza kunywa maji kama shimo. Akawa anakula sahani nzima na huku mgongo unatokeza mifupa, na siku moja akakojoa ndani ya kapu la vitambaa, juu ya bitana ya koti la mtu. Daktari wa wanyama, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, alimtoboa sikio kidogo, akapima tone la damu, akasema ni kisukari. Atahitaji sindano ya insulini asubuhi na jioni, huenda maisha yake yote.

Shangazi alilia pale pale, mbele ya mwanamume aliyekuja na bata wake.

Masharti hayakuwa mengi ila yalikuwa makali. Chupa ya dawa ikae kwenye friji. Chakula kiwe kilekile, kipimo kilekile, saa ileile. Akishaanza kula, unavuta ngozi ya shingoni, unadunga chini yake. Katikati ya milo asipewe kitu, maana kipimo cha dawa kinafuata chakula. Na asali isikosekane ndani, sukari ikishuka sana apakwe kwenye ufizi. Duka la dawa walipoulizia umri wa mgonjwa, Mama alisema miaka tisa. Muuzaji akasikitika, maskini mtoto mdogo hivyo. "Ana masharubu tayari," Mama akamwambia.

Ungedhani mkono uliokwishashona nusu ya mashati ya mtaa ule hautaogopa sindano. Asubuhi ya kwanza Shangazi alivuta ngozi, akalenga, Meneja akainua kichwa kutoka kwenye sahani akamtazama. Mkono ukaanza kutetemeka kama una homa. Akajaribu tena, dawa yote ikamwagika juu ya manyoya. Akaweka sindano chini akatoka nje kwenda kusimama ukutani.

"Siwezi kumchoma anayeniamini," alisema. "Wifi, mdunge wewe."

Mama alisubiri mlo wa jioni, akanawa mikono, akamdunga huku paka akiendelea kutafuna, hata hakugeuza sikio.

Sasa nitakwambia Shangazi alikuwa amepiga hesabu gani, maana alikuja kuisema mwenyewe. Alijua mchomaji atachukiwa. Paka atamkimbia Mama na sindano yake, atakuja kwake kubembelezwa, na mambo yatakuwa vilevile au bora zaidi. Hesabu nzuri, ila paka hakuisoma. Yeye alichoona ni kwamba mkono wa Mama ukifungua friji, chakula kinafuata. Na siku zilivyopita nguvu zikamrudia, na kwa akili yake ya paka nguvu nazo zilitoka kwa Mama. Kabla ya saa ya sindano anatelemka kutoka meza ya kukatia, anakwenda kujikunyata mlangoni kwa Mama, mkia umezungushwa miguuni. Mama akienda bafuni, naye yuko mlangoni. Mama akianika nguo, naye yuko chini ya kamba.

Shangazi aliungua. Sijui neno jingine. Alikuwa akibonyeza pedali kama anamkanyaga mtu. Akaanza kurusha vijembe: wengine wana nyota ya kupendwa, wengine kazi yao ni kulea tu. Mama akimwita Meneja kula, yeye anafyonya. Jioni moja Meneja alilala kwenye kanga ya Mama, Shangazi akakataa chakula akasema tumbo limemjaa. Lilijaa kweli, ila si chakula.

Ndipo akanunua biskuti. Akazificha kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na vifungo, na kikombe cha maziwa pembeni. Mama akienda sokoni, droo inavutwa, biskuti inalowekwa, na Meneja anarudi mezani kwa mwenyewe. Hapakuwa na haja ya kumwita, akisikia droo tu anakuja. Sisi wengine hatukujua. Tulichojua ni kwamba Shangazi ameanza tena kuimba akishona.

Lakini sukari ya Meneja ilikataa kushuka. Daktari akapandisha kipimo, akapima tena, bado. Akapandisha tena. Akamuuliza Mama, kwa heshima lakini akamuuliza, kama ana uhakika dawa inaingia ndani ya ngozi. Mama alirudi nyumbani, akavaa miwani mbili, ya kwake na ya marehemu Baba juu yake, akadunga taratibu kama anatunga ushanga. Alianza kusema labda mikono yake imezeeka. Shangazi alikuwa anasikia yote hayo na mguu wake haukuacha pedali.

Ikafika siku ya kupima magauni ya wasimamizi wa harusi nyumbani kwa mteja, na Shangazi akaondoka asubuhi na mapema na utepe wake. Meneja akala chakula chake, akadungwa kile kipimo kikubwa, akaenda kukaa mbele ya droo. Droo haikufunguliwa. Mchana nilimkuta anatembea kama mlevi, miguu ya nyuma inakwenda kwake na ya mbele kwake, halafu akalala ubavu akaanza kutetemeka. Mama alichovya kidole kwenye asali, akampaka ufizi, akampaka tena, tukamtia kwenye kapu lile la vitambaa tukakimbia naye.

Shangazi alipopata habari alitukuta kwa daktari, pini bado ziko kwenye kifua cha gauni lake. Meneja alikuwa mezani, macho wazi, anapumua, ulimi unatafuta asali iliyobaki.

"Amenusurika," daktari alisema. "Mama, samahani, sina budi kuuliza. Hukumdunga mara mbili kweli?"

Mama alitazama mikono yake. "Sidhani. Lakini siku hizi nasahau. Pengine nilimdunga, nikasahau, nikarudia." Akaificha mikono ndani ya kanga. "Afadhali atafutwe mtu mwingine wa kumdunga. Mimi nitamuua."

Nikamwona Shangazi. Hapo angenyamaza tu, asingehitaji hata kusema uongo. Mama angejitoa mwenyewe, na paka angerudi kwake mzima mzima, na kwa mara ya kwanza aliyeshindwa katika nyumba ile asingekuwa yeye. Akachomoa pini moja kifuani akaichomeka tena palepale.

"Ni biskuti," alisema.

Daktari hakuelewa.

"Mimi humpa biskuti na maziwa, wifi asipokuwepo. Kila siku. Leo sikuwepo." Akavuta pumzi. "Yeye hajakosea hata mara moja. Anayemuua ni mimi."

Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hatukumwambia. Daktari alishusha kipimo, maana kilikuwa kimepandishwa kufukuzana na biskuti, akaeleza upya kutoka mwanzo, safari hii akimtazama Shangazi. Tulirudi nyumbani Mama ametangulia na kapu, Shangazi nyuma, mimi nikiwa pale nilipozoea.

Tulipofika Mama aliweka kapu juu ya meza ya kukatia. Shangazi alibaki mlangoni.

"Wifi, nitukane basi."

"Nikutukane nini." Mama alikaa chini, akavua viatu. "Mimi paka simpendi."

"Unasemaje?"

"Simpendi. Sijawahi kupenda paka. Manyoya yananiwasha, na akinifuata mpaka bafuni najiuliza nimemkosea nini. Namdunga kwa sababu siku ile daktari alipotaja ugonjwa ulilia. Hata tulipomzika mama yako hukulia vile. Nikasema, huyu akifa, wifi yangu atabaki anadhani hana mtu."

Shangazi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani. Akalaza kiganja juu ya droo. Nilidhani atalia. Aliinua kichwa, uso umemkunjamana.

"Humpendi Meneja? Ana kasoro gani?"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Siku hizi anayedunga ni Shangazi. Mama alimfundisha, mkono wake juu ya mkono wa wifi yake, mpaka kutetemeka kukaisha. Droo ina bobini na vifungo tu, nimekagua. Kazi ya Mama ni kuweka chakula, na kwa hiyo Meneja, ambaye hajajifunza lolote, bado anajikunyata mlangoni kwake na kumfuata hadi kwenye kamba ya nguo. Shangazi huwatazama juu ya miwani, na roho inamuuma, naijua ile sura. Juzi Mama alimsukuma paka kwa mguu ili apite na beseni. Cherehani ikanyamaza.

"Mpakate kidogo, wifi," Shangazi alisema. "Hata kama humpendi, asijue."