Shehia mbili, kiambo kimoja: bomba la maji lilivyotugawa Ramadhani

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, ila hili limenishinda. Nimeliona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Mimi mtu wa bara, nimeoa Pemba kaskazini, naishi kiamboni kwa wakwe. Kwa msioijua Pemba, kiambo ni nyumba za ukoo mmoja zilizokaa pamoja. Mwiko wako ukipotea, uutafute jikoni kwa shangazi.

Sasa serikali nayo ina mipaka yake, shehia, kama mitaa ya huko bara. Mpaka wa shehia unapita katikati ya kiambo, kwenye kinjia wanachopita kuku. Sisi shehia hii, Bi Mize, shangazi yake mke wangu, shehia ile. Miaka yote hakuna aliyejali.

Likaja bomba upande wetu. Mzee Makame, jirani yetu na mwenyekiti wa kamati ya maji, akatangaza ni la wakaazi wa shehia hii tu. Ramadhani imeanza, akamrudisha Bi Mize na ndoo tupu. Bi mkubwa mwenye magoti mabovu, ateremke kisima cha bondeni na saumu yake!

Aisee, nilichemka. Nikavaa kandambili niende kumpasha. Mke wangu akanishika mkono: "Hebu tulia. Ngoja magharibi."

Huku wanaume hufutari pamoja nje, kila nyumba inaleta sinia, na mkeka hutandikwa kwetu.

Jioni natoka, mkeka haupo! Kina mama wameuhamishia ng'ambo ya kinjia, uani kwa Bi Mize. Masinia yote kule. Muhogo wa nazi, samaki, uji wa pilipili manga... dah, nusra nisahau hasira.

Adhana ikalia. Mzee Makame kasimama upande wetu peke yake, tende mkononi.

Bi Mize akamwita: "Makame, uji wapoa. Au na uji nao una shehia?"

Kina mama wakacheka ndani ya mitandio. Mzee akavuka. Uji akaongezewa, akamaliza.

Wakati wa kunawa, birika likatoa matone mawili matatu, kisha basi.

"Niwie radhi," Bi Mize akasema. "Ndiyo yaliyobaki."

Mzee akatazama vidole vyake vyenye nazi. Mwishowe akasema, "Kesho lete ndoo, Bi Mize."

Nilichojifunza: mimi ningeenda na kelele, bomba lingefungwa mpaka leo. Shehia inajua unalala wapi, kiambo kinajua umekula au hujala.

Huko kwenu mpaka umewahi kukata ukoo? Mlifanyaje? Shusheni comments wakuu, nasoma zote. Ramadhani imekwisha, na mkeka wetu bado uko kwa Bi Mize.