Sahani ya Jirani

Harufu ya katlesi zikikaangwa hunirudisha kwenye dirisha la chumba chetu cha London, juu ya bustani ya jirani.

Ramadhani ile mama hakukubali tufuturu kabla sahani ya jirani haijatoka. Kila jioni alinipa sahani yake ya maua, imejaa katlesi na sambusa, nimpelekee bibi wa Kizungu wa nyumba ya pili. "Lovely, darling," alikuwa akisema, na asubuhi sahani inarudi imeoshwa. Mama alifurahi. "Kumbe anapenda vyakula vyetu!"

Siku za mwisho mwisho, tukingoja adhana, nikachungulia dirishani. Bibi alikuwa amechuchumaa, sahani iko majanini, mbweha wa mtaani anatafuna sambusa, naye anambembeleza kwa sauti ambayo mama hajawahi kusemeshwa nayo.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu. Alitazama mpaka maua ya sahani yakarambwa.

"Funga pazia," akasema. "Na baba yako usimwambie."

Siku hizi majirani zangu wanabishana kama mbweha walishwe bustanini au wasilishwe. Mama yangu alimlisha mmoja Ramadhani nzima, kabla hajatulisha sisi.