Mgeni wa Upande wa Ukutani

Utaniambia ni uchovu wa masomo. Daktari aliniambia hivyo, mchungaji wetu akaniambia hivyo, na dada yangu wa Bunda, ambaye hajawahi kukanyaga chuo, naye akaniambia hivyo hivyo. Sibishani tena na mtu. Nina nguvu ya kusimulia mara moja tu, kwa hiyo nitakupa jambo hili kama lilivyotokea, uamini au usiamini ni juu yako. Mimi nilikuwepo. Nililala naye kitanda kimoja karibu mwezi mzima kabla sijajua ni nani.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko nje kidogo ya Musoma, na kina watoto wa watu wengi kuliko vitanda. Mwaka wa kwanza nilikosa hosteli nikakaa kwa shangazi, mtaa wa Nyakato. Shangazi ni mtu mwema, Mungu ambariki, lakini nyumba ilikuwa na watoto sita na genge la nyanya na dagaa, na wa kuamka alfajiri kupanga genge nilikuwa mimi. Nilikuwa nasinzia darasani mpaka wenzangu wakanipa jina la mlinzi. Mwisho wa mwaka nikawa na mitihani miwili ya kurudia, na nikaambiwa wazi kwamba nikivurunda tena nitadisko, yaani naondolewa chuo kabisa. Nirudi kijijini kwetu Butiama nikamwambie nini mama, aliyeuza ng'ombe wake ili nisome?

Ndiyo maana mwaka wa pili, jina langu lilipobandikwa kwenye orodha ya hosteli, nililia pale pale kwenye ubao wa matangazo. Nilipata kitanda cha chini kwenye deka, kile kitanda cha ghorofa, lililoegemea ukuta, chumba cha watu wanne. Maji yalitoka siku moja yakakataa siku mbili. Choo kimoja hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la kanga, na ukiingia lazima uimbe ili watu wajue upo. Sikujali. Nilichotaka ni kulala, nisome, nifaulu. Kitanda kile ndicho kilikuwa digrii yangu.

Sasa kama hujawahi kukaa hosteli, kuna jambo lazima nikueleze. Linaitwa kubebana. Aliyepata kitanda anambeba aliyekosa, mnalala wawili mzungu wa nne, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Uongozi umekataza, na mkikamatwa mnatoka wote. Kwa hiyo kuna adabu zake. Anayebeba anataja muda siku ile ile: mpaka wiki ya mitihani, au mpaka mkopo utoke. Na wenzako wa chumba nao wana adabu yao: mtu aliyebebwa haonwi. Hasalimiwi, haulizwi jina, hatajwi hata kwa utani, ili matroni akija kuuliza kila mmoja aweze kuapa hajaona mtu, na kiapo kisiwe cha uongo sana.

Alikuja Jumapili, saa nane mchana, jua linawaka. Nasema mchana makusudi, maana watu wakisikia visa vya namna hii wanataka usiku wa manane na mbwa wanaobweka. Hapakuwa na mbwa. Bhoke, anayelala kitanda cha juu yangu, alikuwa kanisani, na wale wawili wengine walikuwa wameenda kufua. Nilikuwa nimejilaza na daftari kifuani. Nikamwona msichana mlangoni, mwembamba, amevaa sweta joto lote lile, begi mgongoni. Miguu yake ilikuwa na matope. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, lakini nikajiambia labda amepitia bombani.

"Dada, habari za saa hizi," akasema.

"Nzuri. Unamtafuta nani?"

"Natafuta wa kunibeba. Naitwa Ghati, kwetu Bunda. Nimepita vyumba vyote hivi." Akarekebisha begi mgongoni. "Sisumbuagi mtu. Nalalaga upande wa ukutani, hata hutanisikia."

Ungefanyaje wewe? Mwaka mmoja tu nyuma nilikuwa mimi mlangoni pa watu, na begi langu, nikiambiwa pamejaa. Huruma ilinishika, na uchovu pia, sitaki kujifanya mtakatifu. Sikutaka mazungumzo marefu. Nikasogea, nikamwambia, "Ingia, utakaa tu." Basi. Sikusema mpaka lini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nani angempa jembe? Hakugusa ndoo yangu ya maji. Hakuomba chumvi. Hakuchaji simu, na ukikaa hosteli utajua huo ni muujiza. Alikaa ukutani amekunja magoti, na taa zikizimwa alijilaza huko huko, miguu yake karibu na uso wangu, ya baridi kama sakafu ya bafuni. Chakula nilimkaribisha mara mbili akasema ameshakula. Bhoke na wenzake hawakumsalimia hata siku moja, nami nikawashukuru moyoni kwa adabu yao.

Kila tukilala aliniuliza swali moja, kwa sauti ya chini: "Dada, kesho bado nipo?"

Nami nilimjibu, "Upo."

Niamini, kulala nililala. Taa zikizimwa saa nne nilikuwa nimeshapotea. Lakini niliamka nimechoka kuliko nilivyolala, mabega yananiuma kama niliyebeba maji toka ziwani. Sketi zikaanza kunilegea. Nikaanza tena kusinzia darasani, mimi niliyekuja hosteli ili nisisinzie. Majaribio mawili nikapata alama za aibu. Bhoke akaniambia, "Wewe unaumwa, nenda kapime malaria." Nikapima, hakuna kitu. Nikapima taifodi, hakuna kitu. Na mitihani ya mwisho inakuja.

Kisha ukaja ukaguzi. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, tumeamka, wengine wanapiga mswaki. Matroni wetu alikuwa na sifa: aliwahi kumtoa msichana aliyejificha kwenye kabati la nguo, na sanduku lake pia. Akaingia na orodha mkononi bila kubisha. Ghati alikuwa amekaa ukutani pale pale, wazi kabisa, hana hata shuka la kujifunika. Nikajua nimekwisha. Nikaona kitanda kimeondoka, chuo kimeondoka, nikamwona mama.

Matroni akafunua blanketi langu. Akainama, akatazama chini ya kitanda. Akainuka, akatazama ukutani, pale alipokaa Ghati, kwa muda wa kutosha kuhesabu vidole vyake. Akaweka alama kwenye orodha.

"Uko peke yako, vizuri," akasema. "Mbona umekonda hivi, mwanangu? Muwe mnakula."

Akatoka. Na Ghati hakuwa anamtazama matroni. Alikuwa ananitazama mimi, ametoa macho, anasubiri nitasema nini.

Nilidhani matroni amenionea huruma. Kweli, ndicho nilichodhani, akili ya mtu aliyechoka hutafuta njia fupi. Nilimvuta Bhoke mpaka kwenye korido nikamwambia, "Asante kwa kutomsema."

"Kutomsema nani?"

"Mgeni wangu."

Bhoke akanitazama. "Mgeni yupi? Mimi sijawahi kuona mgeni wako."

"Acha adabu sasa, matroni ameshaondoka."

"Hakuna adabu hapa. Unalalaga pembeni kabisa mwa kitanda, karibu uanguke. Mimi nilidhani unakimbia kunguni wa ukutani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tuliporudi ndani, Ghati hakuwepo, na Bhoke alikuwa hataki hata kukaa. Tukatoa shuka. Godoro langu lilikuwa jipya, nimelinunua Musoma mjini mwanzo wa muhula. Lilikuwa limebonyea mara mbili: shimo moja pembeni, langu, na shimo la pili upande wa ukutani, refu kama mtu, lenye kina zaidi kuliko langu. Bhoke aliweka kiganja humo akakitoa haraka. Siku hiyo hiyo akahamia kwa mpenzi wake, mtaa wa Nyasho, yeye mlokole mzima, na sikumlaumu.

Nikaenda kwa Mama Wegesa, anayefanya usafi kwenye jengo letu tangu lilipofunguliwa. Nilimkuta anakamua deki. Sikumaliza hata kueleza.

"Ni Ghati," akasema. "Huyo mtoto nilimjuaga. Alibebwaga kitanda hicho hicho. Wakaja kukagua asubuhi, mvua inanyesha. Aliyembeba akaogopa kupoteza chumba, akasema, simjui huyu, sijui ameingiaje. Wakamtoa na begi lake. Akazunguka huko nje na homa, hajamwambia mtu. Akafika kwao Bunda, lakini hakupona."

"Sasa anataka nini kwangu, mama?"

"Anataka pa kulala. Ulimpa mpaka lini?"

"Sikumpa."

Akaegemea fimbo ya deki. "Kuna mwenzako kabla yako alimbeba," akasema. "Yeye alimwambia neno lile lile, sikujui wewe. Ghati akaondoka siku ile ile. Nawe sema, mwanangu. Utapona, utafanya mtihani wako. Neno lenyewe ni fupi."

Ni kweli, neno ni fupi. Nilirudi chumbani mchana, watu wote wako darasani. Siku tisa zilibaki kabla ya mitihani. Nikakaa pembeni mwa kitanda nikiwa nimeshalipanga mdomoni.

Alikuwa ameshafungasha. Kanga ameikunja, begi ameshalivaa, viatu ameshikilia mkononi. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu waliozoea kutolewa hujua kabla hujasema, hata mimi nilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, nikiona mtu anakohoa kidogo naanza kutafuta viatu.

"Dada," akasema, "leo bado nipo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza mchana. Nilimwogopa, sikufichi. Nikamfikiria mama na ng'ombe wake. Nikafikiria mabega yangu. Nilikuwa na haki ya kulala, au sikuwa nayo? Nikafungua mdomo kusema sikujui wewe. Lakini nilikuwa namjua. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu, nilikuwa namjua kabisa.

"Upo," nikasema.

Akavua begi. Nami nikalia kwa hasira, nikijichukia kwa moyo wangu laini usio na faida.

Sikudisko. Walinionea huruma nikarudia mwaka, nikamaliza nyuma ya wenzangu kwa alama za kujikongoja, na mama akashukuru Mungu kwa hizo hizo. Siku ya kukabidhi funguo za hosteli nilijiambia yeye ni wa jengo lile, atabaki. Nilipanga chumba Nyasho, nikanunua kitanda na godoro. Usiku wa kwanza tu nikahisi ile miguu ya baridi karibu na shavu langu, na lile swali.

Sasa nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi. Wanafunzi huja kuchapa fomu za kuomba hosteli, wananiambia, dada mbona unasinzia na kalamu mkononi? Kuna kijana wa Bunda alitaka kunioa. Nilimpenda, na bado nampenda, ila nilishindwa kumweleza tungelala wapi. Amekwisha kuoa. Mama alikuja kunitazama mwezi uliopita, na asubuhi aliuliza tu kwa nini nasema "upo" usingizini. Nikamwambia ni uchovu wa kazi. Unaona? Hata mimi nasema ni uchovu.

Basi wewe unayeingia chuo mwaka huu, nisikilize. Sikwambii usibebe mtu, wanaokosa vitanda ni wengi na mvua hainyeshei mlango mmoja. Lakini akija mtu, achana na ile adabu yetu ya kutoona. Mpeleke mbele ya wenzako, awasalimie mmoja mmoja. Wakimwitikia, mbebe, mtajie na muda. Wakikaa kimya, wakawa wanaendelea kupiga pasi na kusuka nywele kama hakuna aliyesema kitu, basi geuka umtazame vizuri usoni, na uamue hapo hapo kama unaweza kumwambia humjui. Mimi sikuweza. Nimechoka sana, na kesho bado yupo.