Asukulu, Mlishaji wa Wanyama wa Ruti

Usiniambie nililala nikaota. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, tumbo lina njaa, mvua imenipiga mpaka kwenye mifupa. Mtu wa hivyo anaota saa ngapi? Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, pale Ruti, katika mji wa Mbarara, Uganda. Sikusoma sana, kwa hiyo ninaliandika vile lilivyokuwa.

Kwanza ujue nilikuwa ninamngoja nani. Mke wangu aliitwa Wabiwa. Watu wa Kapitene Shoka walimchukua kwetu, Kongo, milimani juu ya Fizi, awabebee mizigo, yeye na wengine wengi. Ninamtaja Shoka kwa jina kwa sababu wakubwa wanapenda tuseme "ilikuwa vita tu", kama vile vita ina miguu na ilitembea yenyewe hadi mlangoni kwangu. Hapana. Alikuwa Shoka, na jirani yetu Kitoga ndiye aliyemwonyesha nyumba. Kitoga tuliyekula naye sahani moja.

Mimi nilikimbia, nikafika Nakivale, kambi ya wakimbizi. Kila lori lililoleta wakimbizi wapya nilienda kuliangalia, nikipitia nyuso za wanawake moja moja. Watu walinicheka: "Muone, bwana arusi anangoja bibi yake." Waache wacheke. Sikunyoa kichwa. Kwetu mume akinyoa, basi mke amekufa na matanga yamekwisha. Ningenyoaje, na sina kaburi wala mtu aliyeniambia kwamba aliliona?

Siku ile nilikuwa nimepeleka maharagwe Makenke, kambi ya jeshi, kwa wake za askari. Nilipomaliza nikaenda Ruti kumtafuta mtu aliyeniahidi kibarua cha kulima. Sikumpata. Mvua ikanikuta barabarani. Nikaona lango la chuma lenye picha ya simba iliyochujuka rangi, nikakimbilia hapo nijikinge.

Ndani alikuwa amesimama mtu mwenye salopeti ya buluu, ile ovaroli ya kazi, ndoo mkononi. "Kaka, ingia," akasema. "Unalowana kama kuku." Alisema kwa Kibembe. Niamini, miaka mingi mtu nisiyemjua hakuwahi kuniita kaka kwa lugha ya mama yangu. Nilimfuata bila kuuliza.

Kumbe ilikuwa bustani ya wanyama. Alinipitisha kizimba hadi kizimba, akinisimulia habari ya kila mmoja kama mtu anayekujulisha kwa shemeji zake. Pundamilia walikamatwa upande wa ziwa Mburo. Yule ndege mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, alinunuliwa akiwa na bawa lililovunjika. Sokwe alitoka kwetu Kongo, alivushwa mpakani ndani ya gunia la makaa.

"Huyu mukimbizi mwenzetu," akasema. "Ila yeye hapewi maharagwe ya shirika."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimecheka na mtu.

Tajiri mwenye fasi ile, mahali pale pote, akaniambia, aliitwa Tumwebaze. Alijenga vizimba ili watu wa arusi waje kupiga picha, na kweli walikuja, na suti zao na magari ya maua. Halafu wakachoka, na yeye akachoka. "Mutu anaweza kuchoka na redio," akasema. "Simba unamuchokaje?"

Jambo moja lilinisumbua. Hapakuwa na harufu. Uliwahi kupita karibu na fisi usisikie harufu? Wala hawakulia. Mvua iliingia katika kizimba cha sokwe na kumwangukia mgongoni, na manyoya yake hayakulowa. Nilijiambia ni macho yangu, nina njaa.

Tulifika kizimba cha mwisho, cha simba jike. Yule mtu akapindua ndoo, akakaa juu yake, akanyamaza. Alinyamaza mpaka mvua ikapungua. Kisha akasema: "Wewe ni wa Wabiwa."

Sasa sikiliza. Kwetu mtu anayeleta habari ya kifo hukaa kimya kwanza, na haulizwi. Hata ukiungua, huulizi. Unampa fasi ya kukaa, unamwekea kitu cha kula, unangoja aseme mwenyewe, kwa sababu maneno yale ni mzigo na kila mtu anatua mzigo wake kwa nguvu zake. Nilikuwa na hindi la kuchoma ndani ya mfuko. Nikalivunja, nikaweka kipande juu ya jiwe mbele yake. Nikaketi kwenye matope. Ulimi ulikuwa unaniwaka.

Hakula. Alilitazama tu lile hindi.

"Tulibeba pamoja, chumvi na risasi," akasema. "Homa ilimuangusha karibu na muto. Shoka akasema tumuache hapo. Nilichelewa nyuma ya wengine, nikamuzika. Nilichimba na sahani ya bati. Alikuwa na kitenge cha picha za samaki."

Kitenge kile nilikinunua mimi, mjini Uvira.

"Alisema nikikukuta nikuambie usimungoje."

Niliinamisha kichwa nikalia. Nilipokiinua, hapakuwa na ndoo wala mtu. Majani yalikuwa yamejaa kizimba chote, mlango umening'inia kwa kutu. Kipande cha hindi kilikuwa juu ya jiwe, hakikuguswa.

Mzee mmoja akaja na fimbo, mwanajeshi mstaafu anayelinda kiwanja kile. "Wewe Mukongo, nani alifungulia wewe?"

Nikamwambia: yule anayelisha wanyama.

"Nyama gani? Hapa hakuna hata panya. Zote zilikufa na njaa, zamani."

Nikamweleza lugha ya yule mtu, na salopeti yake. Mzee akavua kofia. "Huyo Asukulu," akasema taratibu. "Tumwebaze alikataa kununua chakula ya simba. Asukulu akaingia kupatia yeye maji. Hakutoka. Toka, rafiki yangu. Mimi nalala hapa peke yangu."

Nilirudi Nakivale, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Furaha, dada ya Wabiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Shemeji, mutu mwenye alikufa anakuletea habari ya mutu mwenye alikufa, na wewe unaamini? Sema umepata bibi mwingine, tujue." Nilienda kwa pasta atuombee matanga. Akaniuliza shahidi wangu ni nani. Nikamtaja. Alinishika bega kama unavyomshika mgonjwa wa kichwa.

Nikanyoa mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwa wembe na maji baridi. Hakuna aliyekuja kukaa nami. Mama Furaha hanisalimii mpaka leo. Kwake yeye, siku ile niliponyoa ndiyo siku dada yake alikufa, na aliyemuua ni mimi, si Shoka. Yeye bado anaenda kwenye malori. Lori likiingia ninamwona akipita mbio, ameshika kitambaa cha kichwa, na mimi ninabaki shambani na jembe. Siku nyingine miguu inaanza kwenda yenyewe. Ninaizuia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukikutana na mtu wa kwenu mahali pasipopasa kuwa na mtu, akakaa kimya mbele yako, ujue amebeba kitu chako. Kama bado una nguvu za kungoja, msalimie upite. Mimi niliketi nikamsikiliza, na sasa sina hata wa kungoja.