Karte Grafike Yenye Ilinukia Mikate

Hapa Kasongo wananiita Mukate, na makosa ni yangu mwenyewe. Karte grafike ya ordinateri yangu, kompyuta yenye natengenezea video za arusi, kadi ile yenye inatoa picha kwa ekra, ilikufa wakati video ya arusi ya Nuru, muteja wangu, haiyaisha. Niliona kwa interneti eti ukiichoma kidogo inafufuka. Basi nikaiingiza mu furu ya Mama Rosine muuza mikate, ile jiko yake ya kuchomea, katikati ya mikate, wateja wote wakiangalia. Karte haikufufuka, lakini jina likabakia pale pale.

Fundi wa ordinateri wa pale sokoni, kila kitu anakinusa kwanza, macho yamefungwa, kama mama anaonja mboga. Kisha anakisugua na brosi ya meno, akiimba-imba ndani ya pua. Vidole vyake vimejaa alama za moto. Nilipomupelekea karte yangu aliinusa, akanusa tena.

"Mutoto wangu, hii inanukia mikate."

"Papa, utaitengeneza ao nitafute ingine? Famiye ya Nuru inakuja kuangalia video siku ya Mungu!"

Fundi alitoa mu sanduku yake karte ingine, nyeusi, imejikunja.

"Hii yangu. Niliipiga pasi ya makala, ile ya kutiamo moto, eti ifufuke. Miaka tatu namwambia bibi yangu, mama ya watoto, eti ni radi iliichoma." Akacheka mupaka brosi ikaanguka. "Yako haitengenezeki tena. Tunabadilisha. Nitatosha karte ya ndani ya mashini yangu, nikuazime mupaka umalize arusi ya watu."

Bibi ya fundi, kama unasoma: ilikuwa radi. Na nyinyi wengine, mulichoma nini mukifikiri munatengeneza? Andikeni hapa chini, musiniache na haya peke yangu.