Tulia, Mwalimu

Majirani waliambiwa anakwenda kupimwa macho. Mwalimu mkuu mstaafu aliyesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minne ana haki ya kuchoka macho, na hakuna anayemcheka mtu wa miwani. Lakini waambiwe kwamba kila Jumanne na Alhamisi analazwa kwenye kiti na kubandikwa nyaya kichwani? Wangesema amerukwa na akili tangu azike mume. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kurukwa na akili, na kama alikuwepo, hakutajwa.

Shuleni walimwita Mama Mstari. Jina lenyewe alilijua, na wala halikumchukiza. Watoto mia sita walijipanga mbele yake kila asubuhi, naye alipopita, kisigino kilichochomoza kilirudi chenyewe mahali pake.

Usingizi ulimkimbia wiki ile ile ya mazishi. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu hapo. Presha ilipanda ikakataa kushuka, na daktari hakumficha kitu: vidonge vimefika mwisho wa nguvu zake, na asipojifunza kulala, mshipa utapasuka. Akamwandikia vikao kumi vya mazoezi ya mawimbi ya ubongo.

Alisindikizwa na wifi yake, dada wa marehemu, mshona mapazia mwenye mwili mkubwa na mdomo usio na kufuli.

"Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema wakipanda ngazi. "Macho, macho! Siku ukikutwa na gundi nywelani, utasema miwani imevuja?"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Hii ndiyo ndogo."

Mtaalamu wa mashine alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Mama Mstari alipoketi tu, yule mama akacheka kwa aibu.

"Mwalimu, hunikumbuki. Ulinitoa kwenye mstari darasa la tano, kwa sababu ya soksi."

"Moja ya bluu, moja nyeusi."

"Loo! Unakumbuka!"

"Nakumbuka soksi. Uso nimeusahau."

Wifi alicheka mpaka benchi likalia. Mama Mstari hakucheka. Katika watu wote wa kumchungulia ndani ya kichwa, amepatikana mwanafunzi wake.

Kazi yenyewe haikuwa na maumivu. Mtaalamu alimpaka gundi nyeupe utosini na nyuma ya masikio, akabandika nyaya tatu. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari wa kijani uliopanda na kushuka, na juu yake mwingine mwekundu ulionyooka.

"Wa kijani ni ubongo wako, Mwalimu. Tunataka ukae chini ya mwekundu. Kwanza tunalegeza mwili, vidole vya miguu mpaka taya. Halafu muziki. Ubongo ukipoa, muziki unapanda sauti. Ukichachamaa, muziki unafifia. Usiulazimishe, utaufuata muziki wenyewe, kama mtoto anavyofuata sauti ya mama yake. Ndiyo maana nikakuomba uje na muziki unaoupenda."

Alikuja na muziki wa kinanda, mzito, ule uliopigwa siku za mahafali. Kusema kweli hakuupenda. Ila ndio muziki ambao mtu kama yeye alipaswa kusikika akiupenda.

Akavuta pumzi kwa kuhesabu nne, akaiachia kwa kuhesabu sita. Mabega yakashuka. Mstari wa kijani nao ukashuka, na kinanda kikaanza kusikika kwa mbali. Mtaalamu akanong'ona, "Vizuri. Tulia, Mwalimu. Tulia hivyo hivyo."

Mstari ukaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Kinanda kikazimika.

Ikawa hivyo kikao cha kwanza, ikawa hivyo mpaka cha saba. Walibadilisha mto, wakapunguza taa, wakafunga dirisha la upande wa gereji. Mwili ulilegea, mstari ukashuka, muziki ukaja, kisha vurugu.

"Watoto mia sita walinyooka," wifi alisema, "mstari mmoja umekushinda!"

Kikao cha nane, mtaalamu alitoka kidogo kufuata gundi, akaacha mashine ikiendelea. Wifi akabaki amekodolea kioo. Kijani kilishuka, kikakaa. Kinanda kikajaa chumba. Mtaalamu akarudi, akafurahi. "Hee, Mwalimu! Tulia..."

Kijani kikaruka.

"Ngoja," wifi alisema. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hicho ulichosema."

"Tulia."

Kikaruka tena.

"Sasa sema kingine. Sema pazia."

"Pazia," mtaalamu akasema, anajizuia kucheka. Kijani hakikutikisika. "Ndoo. Soksi ya bluu." Kijani palepale. "Tulia." Kikaruka mpaka juu ya kioo.

Hapo wifi aliacha kucheka. "Wifi," alisema taratibu, "neno hilo lina nini?"

"Nitoeni hizi nyaya."

Kulikuwa na chumba kidogo chenye sinki, mahali alipooshwa nywele baada ya kila kikao ili asitoke na alama. Aliinama, wifi akafungua bomba. Labda kwa sababu uso ulikuwa ndani ya sinki na maji yalikuwa yakipiga kelele, akasema.

Mengine wifi aliyajua. Alijua kwamba kaka yake alikuwa mpiga gitaa la besi, na kwamba mtaa mzima ulimwita Besi. Alijua kwamba baba yake Mama Mstari alisema, "Mwanangu haolewi na mtu wa dansi. Atulie kwanza." Ambalo wifi hakulijua ni kwamba binti mwenyewe ndiye aliyelipeleka neno, na kwamba hakulipeleka kwa shingo upande. Alilipenda. Alitaka mume aliyetulia, nyumba isiyosemwa. Besi akacheka, akasema, "Nitulie? Basi nimetulia." Akaingia ukarani wa bohari ya maji. Gitaa likapanda juu ya kabati, likakaa huko miaka thelathini na minane. Ikawa ndio utani wake wa nyumbani. Akimwaga chai: "Nimetulia, bibie." Akichelewa mezani: "Nimetulia, nakuja." Mkewe alikuwa akitabasamu. Hakuwahi kumuuliza kama ule ni utani kweli.

"Siku ile hospitali," Mama Mstari alisema ndani ya sinki, "walikuja watu wa bodi ya shule. Wamevaa tai. Yeye hasemi tena, lakini vidole vikaanza. Mkono wa kushoto unatembea juu ya shuka, wa kulia unadonoa. Wale wakaanza kutazamana. Niliona aibu, wifi. Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake, nikamwambia, tulia."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Akanitazama. Vidole vikasimama. Wageni hawajafika getini, keshakwenda."

"Lakini ulituambia ilikuwa homa. Kwamba alikuwa akiweweseka."

"Niliwaambia. Nilijua ni besi. Nilijua hata ni wimbo gani."

 Mdomo ule ambao haukuwa na kufuli, leo ulifungwa. Wifi alimimina maji, akasugua, akamimina tena. Mwishowe akasema kwa sauti nzito, "Inama vizuri. Kuna gundi nyuma ya sikio."

Kikao cha tisa wifi hakuja. Mtaalamu hakulitamka tena lile neno, lakini mstari haukushuka hata mara moja. Neno lilikuwa limeshaingia ndani, halikuhitaji tena mtu wa kulisema.

Kikao cha kumi, cha mwisho, wifi alikuwa ameketi kwenye benchi kabla Mama Mstari hajafika. Macho yalikuwa mekundu. Alimpa mtaalamu simu yake.

"Kuna wimbo humo. Bendi yao ya zamani. Mwanangu aliutoa kwenye kanda. Weka huo."

"Dansi, dada? Una kasi mno kwa mazoezi haya."

"Weka."

Mama Mstari hakukataa. Alilegeza vidole vya miguu, magoti, tumbo, taya. Nne ndani, sita nje. Mtaalamu alihesabu tu. Kijani kikateremka, kikapita mwekundu, kikazidi kuteremka, na kutoka mbali besi ikaanza kupanda, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba aliyoizoea, hana haraka. Ikafika. Ikajaa chumba. Dakika moja, mbili, tatu. Hakuwahi kufika huko. Uso wake ulifunguka, na machozi yakashuka pande zote mbili mpaka kwenye nyaya.

Kisha vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea juu ya mkono wa kiti.

"Mwalimu, mkono," mtaalamu alinong'ona. "Ukitikisika, mawimbi yanachafuka. Muziki utaondoka."

Muziki ulikuwa ukiondoka tayari. Aliusikia ukirudi nyuma, ngazi moja moja. Kuurudisha kulikuwa kitu rahisi: asimamishe mkono tu. Wifi aliinuka nusu. Mama Mstari aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa mwingine, na hakuushika.

Besi ikafifia, ikazimika. Vidole viliendelea ndani ya kimya, bila kukosea, mpaka wimbo ulipokwisha mahali unapokwisha.

Mtaalamu alichukua fomu ya daktari. Ilikuwa na mstari mmoja wa kujaza chini. Alisita, kalamu mkononi.

"Mwalimu, ulifika mbali leo. Naweza kuandika ametulia. Ni kwa ajili ya faili lako."

"Uliniona nikitulia?"

"Mwishoni... hapana."

"Basi andika hakutulia," alisema, akijifungia kitambaa juu ya nywele zenye gundi bila kwenda kwenye sinki. "Na uuandike vizuri, mwanangu. Usomeke."